Nimefundisha kwa Kiingereza miaka tisa, nimefika Kanada nimeshindwa hata kuomba maji

ChakiNyeupe

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mnaujua ule msemo wetu wa "Kiingereza cha kuombea maji". Yaani ung'eng'e wa kukuvusha tu usife na kiu. Basi mimi nilishindwa hicho hicho. Wiki ya pili Winnipeg, niko kaunta ya mgahawa, nikamwambia binti, "Wota, plizi." Akasema, "Sori?" Nikarudia: "Wota." Akamgeukia mwenzake. Nikapandisha sauti kana kwamba shida ni masikio yake: "WOTA!" Foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa. Mwishowe nikanyoosha kidole kwenye chupa. "Aaa, wora!" akasema, anacheka, wala si kwa ubaya. Nikalipa, nikatoka kwenda kunywa nje, nyuzi 25 chini ya sifuri, maana ndani palikuwa na macho mengi.

Sasa mjue aliyenyoosha kidole ni nani. Ni mwalimu wa hisabati, sekondari ya kata huko mkoani Kigoma, miaka 9. Nimejaza ubao kwa Kiingereza, nimetunga mitihani kwa Kiingereza, na watoto waliokutwa wanaongea Kiswahili uwanjani nimewapa adhabu ya kufyeka nyasi. Mke wangu alipata makaratasi ya huku, nikamfuata.

Kazi niliyopata ni kiwanda cha mikate, zamu ya usiku. Sisi wa kwenye trei ni Wafilipino wengi, Wapunjabi, Mhabeshi mmoja na mimi. Wasimamizi na mafundi wa mashine ni wenyeji. Mapumziko dakika 30. Chumba kina meza mbili, moja dirishani, moja karibu na mlango, na katikati hapo ni kama hatua sita.

Meza ya dirishani wanaongea hoki ya barafu. Siku ya kwanza jamaa mmoja akaniuliza kama niliwaona Jets jana. Nikasema ndiyo. Uongo mtupu. Akaniuliza swali la pili, na hapo ndipo nilipozama. Tangu siku ile nikawa "yule asiyeongea". Ukishapewa cheo hicho, siku ukifungua mdomo watu wanashtuka, nawe ukiwaona wameshtuka unaufunga.

Meza ya mlangoni anakaa mama mmoja wa Kifilipino, umri wa dada yangu mkubwa. Huyo tunaongea dakika 30 zote: bei ya mchele, hela za kutuma nyumbani, mawifi, ugonjwa wa mgongo. Kiingereza chake kina matege, changu kina matege, safari inakwenda. Hajawahi kuniambia "sori?" hata siku moja. Mdomo ni ule ule, usiku ni ule ule.

Kama lugha ni mali iliyomo kichwani mwangu, inakuwaje meza moja inatoka na nyingine inagoma?

Kuna masomo ya bure ya serikali kwa wageni, yanaitwa LINC. Mwalimu wetu ni mama mwenye subira, simsemi vibaya. Ila angalieni tunachofundishwa: kujaza fomu, kupiga simu kazini kusema unaumwa, kumwomba msimamizi radhi kwa kuchelewa. Miezi minne sasa. Najua namna saba za kuomba radhi, sijafundishwa hata moja ya kumwambia bosi kwamba saa zangu za ziada amezihesabu vibaya. Na kweli amezihesabu vibaya. Hesabu ndiyo kitu pekee ninachokijua kuliko yeye!

Sasa kilichonifanya niandike. Kidato cha pili nilikuwa na binti mmoja, mkimya wa wastani. Tulikuwa kwenye milinganyo. Nikauliza swali, akanyoosha mkono, akasimama: "Mwalimu, kabla ya kufungua mabano, tugawe pande zote kwa tatu kwanza, itakuwa fupi." Alikuwa sahihi. Tena njia yake ilikuwa nyepesi kuliko niliyoiandaa. Nikamwambia, "Inglishi, plizi." Akafungua mdomo. Akaufunga. Akakaa, anavuta sketi chini ya magoti. Mimi nikageuka ubaoni nikaandika njia yangu ndefu. Mwaka ule hakunyoosha mkono tena, na mwisho wa muhula nikamwandikia kwenye ripoti: mwoga, aongeze ushiriki darasani.

Nimemkumbuka usiku mmoja nikiwa nimeshika trei, jamaa ananiuliza kitu nami nakijua jibu.

Naomba mawazo. Walimu, mlioko nje, yeyote.

MkekaWaUkindu

WOTA. Nimecheka mpaka mama mkwe kaja kuuliza kuna nini. Pole sana mwalimu. Sogeeni nikae.

DerevaWaPorini

Mwalimu nakupinga kidogo. Mimi nabeba watalii, Arusha, mwaka wa 16 huu. Kidato cha nne nilipata divisheni ziro, Kiingereza F yenye afya kabisa. Leo nakaa na Mmarekani siku saba, Tarangire, Ngorongoro, Serengeti, tunaongea kuanzia mvuke wa chai ya asubuhi mpaka moto wa jioni, na tukiagana analia. Sijasoma popote. Nilianza upagazi mlimani, nikawa nabeba begi huku nasikiliza.

Siri yake ni kwamba ndani ya gari langu mjinga ni mzungu. Hajui kama kile ni kichuguu au ni duma amelala. Anataka kumwona chui, na anayejua chui analala mti gani ni mimi. Kwa hiyo nikikosea vitenzi ananisubiri nimalize. Hajawahi mtu kunisahihisha sarufi mkia wa chui ukiwa unaning'inia.

Kwa hiyo acha unyonge, tafuta kitu ambacho wao wanakitaka kutoka kwako, Kiingereza kitakuja chenyewe.

Ingawa ngoja niseme ukweli. Mwaka juzi mteja alinialika kwao, nikaenda kwenye usaili wa viza. Kuna kioo, unaongea umeinama. Yule wa ndani hakuwa anatafuta chui. Dakika tatu hazikuisha, Kiingereza chote cha miaka 16 kikabaki kwenye Land Cruiser. Nikajibu "yesi" kwenye swali lililotaka "no". Nikanyimwa.

Naona nimeanza kukupinga nimeishia kukuunga mkono. Nimeshaandika, sifuti.

MwanaIsimu

Mkuu ChakiNyeupe, unachouliza kuna mtu alikiuliza, tena huko huko Kanada. Bonny Norton, mtafiti wa ufundishaji wa lugha. Mwaka 1990 na 1991 aliwafuatilia wanawake watano wahamiaji katika jimbo la Ontario, wawili kutoka Poland, mmoja Vietnam, mmoja Chekoslovakia, mmoja Peru. Aliwapa madaftari waandike shajara: leo umeongea Kiingereza wapi, na nani, ukajisikiaje. Makala yake ikatoka 1995.

Majina aliyowapa si yao halisi. Huyo aliyemwita Eva, Mpolandi, alikuwa mgahawani akipewa kazi za peke yake, asizohitaji kuongea na mtu. Siku moja mwenzake akamwonyesha Bart Simpson, yule katuni, alipoona hamjui akashangaa: huangalii televisheni? Eva akanyamaza. Si kwamba alikosa maneno. Alikuwa ameshawekwa kwenye fungu la watu wasiojua mambo. Ni hoki yako hiyo, mwalimu.

Mwingine, Martina, ni mama wa watoto na alikuwa na hofu ya simu. Mwenye nyumba alipotaka kuwalipisha kodi ya mwaka mzima baada ya kuhama, huyu mama akabishana naye kwenye simu zaidi ya saa nzima, na anaandika kwamba hakufikiria kabisa kanuni za nyakati. Aliongea kama mama mwenye nyumba ya kutetea.

Hoja ya Norton ni kwamba tulizoea kusema mwanafunzi ana hamasa au hana, ni mwoga au si mwoga, kana kwamba ni tabia alizaliwa nazo. Yeye akasema angalieni nani ana uwezo wa kumnyamazisha nani. Mtu anaweza kuitaka lugha kwa moyo wote na bado asitie nguvu yake mahali anapofanywa mdogo. Ile "mwoga" uliyomwandikia binti kwenye ripoti ndiyo hasa alikuwa akiikataa.

HesabuZaMfukoni

Mnazunguka sana. Kiingereza ni hela. Wanangu wote wawili wako inglishi midiamu, ada inanitoa jasho lakini nalipa. Nyie mnaojadili nguvu na utambulisho, watoto wenu mmewapeleka Kayumba, shule za serikali?

ChakiNyeupe

HesabuZaMfukoni umenikamata. Hapana. Mwalimu wa shule ya umma mimi, mwanangu nilimpeleka inglishi midiamu kwa mkopo. Sasa ana miaka 8, miezi sita tu huku na anaongea kama waliozaliwa hapa. Juzi dukani akanivuta mkono: "Baba, sema wora." Alikuwa ananisaidia, mtoto wa watu. Nikasema wora. Nikajisikia kama nimevaa koti la mtu.

MamaWaUvira

Salaam kwenu wote. Mimi ni Mkongomani, niko Kentucky mwaka wa sita. Kabla ya hapo kambi ya Nyarugusu miaka 14, kwa hiyo mwalimu wa Kigoma tulikuwa majirani.

Kwanza mjue kwamba kule kambini watoto wetu walisoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Tuliambiwa Kifaransa ndiyo elimu, siku moja tutarudi. Hatukurudi, tulipandishwa ndege. Tukafika Marekani na Kifaransa chetu, hakuna aliyekitaka.

Nataka kusema juu ya mtoto kumfundisha mzazi. Nyie mnacheka na wora. Mimi nilipata ugonjwa wa tumbo la uzazi. Hospitali wakaona binti yangu anajua Kiingereza, ana miaka 11, wakamwambia atafsiri. Mtoto wangu amesimama pale na begi la shule mgongoni, ananiambia, "Mama, wanauliza damu inatoka mara ngapi." Nikasema mwambie haitoki. Ilikuwa inatoka. Nitasemaje mbele yake? Nikarudi nyumbani na ugonjwa wangu.

Baadaye dada mmoja wa kanisani akaniambia, huku kuna sheria ya haki za kiraia, ya 1964, hospitali yenye kupokea pesa za serikali inapaswa kukupa mkalimani bure. Nikarudi, nikakaa kwenye kiti, nikasema neno moja tu la Kiingereza nililofundishwa: "intapreta". Wakapiga simu. Mkalimani akaja kwenye spika, Kiswahili cha Dar. Anasema "miadi yako", mimi najua randevu. Anasema "uvimbe kwenye mji wa mimba", namwuliza mji gani? Nikamsikia anavuta pumzi, kama mwenye kusema huyu mama hata Kiswahili hajui. Mimi nimezaliwa na Kiswahili! Ila chake ndicho cha vitabu.

Na nyumbani, barua za shule ni mtoto anasoma. Barua moja akaniambia inasema amefanya vizuri. Nikaibandika kwenye friji. Kumbe naitwa shuleni kwa sababu ya utoro.

MkekaWaUkindu

Mama, hiyo ya friji nimecheka, halafu nikarudi kuisoma ya hospitali nikaacha kucheka. Pole mama yangu. Ulipona?

MamaWaUvira

Nilipona, namshukuru Mungu. Waliukata uvimbe. Barua za shule sasa anasoma jirani.

MzeeWaRipoti

Vijana, nimestaafu ualimu, niongeze historia maana naona mnaongea kama jambo limeanza jana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliundwa Tume ya Rais ya Elimu, mwenyekiti Jackson Makweta. Mwaka 1982 ikapendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari, kidato cha kwanza mwaka 1985, kisha kipande mpaka chuo kikuu. Tulijiandaa kweli kweli, mimi nilishaanza kukusanya istilahi za baiolojia kwenye kaunta buku. Serikali ikakataa. Hata Mwalimu Nyerere alisema Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Sawa, lakini huyo ni mtu aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Yeye Kiingereza kilikuwa chombo mkononi. Mtoto wa kata kinamkalia shingoni.

Sera ya elimu ya 2014 ikaruhusu lugha zote mbili, wengine wakashangilia. Mitihani ya sekondari imeendelea kuja kwa Kiingereza, na mwalimu hufuata mtihani.

ChakiNyeupe, usijipige sana. Nami niliwahi kufanya hivyo. Ila yale ya njia fupi ya binti kufutwa kwa sababu ya lugha yanauma, sikufichi. Umepoteza mwanahisabati.

KibaoShingoni

Mkenya hapa, Murang'a. Shule ya msingi tulikuwa na disiki, kipande cha mbao chenye kamba. Ukipatikana ukiongea Kikuyu unavalishwa, na huwezi kuivua mpaka umnase mwenzako. Kwa hiyo siku nzima unazunguka ukimtafuta rafiki yako akosee. Tulikuwa tunawakanyaga wenzetu vidole makusudi, ndio waseme "ui!" kwa Kikuyu. Nilijifunza Kiingereza, ndiyo. Nilijifunza pia upelelezi.

Na ukikua bado hujamaliza. Nairobi ukichanganya "r" na "l" ofisini wanasema umeshrab, mkutano mzima unacheka, na hoja yako ya bajeti imekufa. Wanaocheka nao ni watu wa nyumbani, hakuna mzungu mle ndani. Mwalimu wewe angalau uliaibishwa na mgeni.

MpangajiSafari

Mimi nina swali la kiutendaji. Nimesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza mpaka digrii, na kuomba shahada ya pili chuo nilichotaka wameniambia nilete IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa kulipia. Matokeo yenyewe yanahesabika miaka miwili tu. Kiingereza changu kina tarehe ya kuisha kama maziwa ya pakiti. Viza ya Uingereza wana orodha ya nchi ambazo raia wake hawaulizwi, Jamaika wapo, Malta wapo. Nchi ya Afrika nimetafuta, sijaona hata moja. Kuna aliyewahi kukwepa?

MwanaIsimu

Vyuo vingine hupokea barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Waandikie ofisi ya udahili kabla hujalipia mtihani. Na kwa kumalizia hoja yako, pale hawapimi kama unajua, wanapima kama una haki ya kuaminiwa kwamba unajua. Raia wa kwenye ile orodha hata asiyejua kuandika sentensi haulizwi.

HesabuZaMfukoni

Mimi nimesoma yote. Ya Mama wa Uvira yamenigusa. Ila bado naendelea kulipa ada.

DerevaWaPorini

Na uendelee, nani kakukataza. Mwalimu, zile saa za ziada ulidai?

ChakiNyeupe

Nilidai. Baada ya kusoma habari ya Martina na kodi yake. Sikusubiri nipange sentensi. Nilichukua karatasi ya mshahara, nikageuza nyuma nikaandika hesabu yote: saa, viwango, jumla, tofauti. Nikaiweka mezani, meza ya dirishani, mbele ya msimamizi na wenzake, nikasema, "Luku." Akaangalia. Akauliza kitu, nikajibu kwa kidole na kalamu. Akasema ataliangalia. Wiki iliyofuata walinilipa dola 61 na senti zake. Sijui hata kama niliongea Kiingereza siku hiyo.

Ila msinichukulie kama nimeshinda. Jamaa wa hoki bado hawaniongeleshi, nami sijaanza kuipenda hoki.

MzeeWaRipoti

Na yule binti?

ChakiNyeupe

Shikamoo mzee. Niliogopa mngeuliza.

Nilipata namba yake kwa mwalimu mwenzangu aliyebaki. Yuko Kahama, ana duka la vifaa vya ujenzi na mumewe, yeye ndiye anayepiga hesabu za mabati na nondo. Nilimpigia Jumapili. Alifurahi, akaniuliza baridi, akaniuliza mtoto. Nikamwambia kuna siku darasani, milinganyo, ulisema tugawe kwa tatu, nikakukatisha kwa sababu ya lugha, nimepiga kuomba msamaha.

Akanyamaza kidogo. Nilikuwa nasikia mtu anapakia mabati huko nyuma yake.

Akasema, "Siku ipi hiyo, mwalimu? Maana zilikuwa nyingi."